Mizani Iliyomla Mwanangu

Nina umri wa miaka thelathini na sita. Ni mke wa mtu, au nilikuwa... hata sasa sijui niandikeje. Nyumba yangu iko Nyamira, katikati ya majani chai, na kazi yangu iko Kisii, soko la Daraja Mbili, ambako nauza sketi na magauni ya mitumba. Jina langu waachieni wanaonijua. Sokoni naitwa Mama Kemunto, kwa jina la binti yangu, na hilo linatosha.

Kabla sijaanza nataka mjue jambo moja. Mimi si mjinga! Nikishika sketi, kabla muuzaji hajafungua mdomo nimeshajua kama zipu imebadilishwa, kama pindo limefunguliwa na kushonwa tena, kama doa limefichwa kwa rangi. Wenzangu wakifungua robota huniita niwachagulie. Waliodanganywa nilikuwa nikiwacheka, tena kwa sauti, soko zima lisikie.

Basi nisikilizeni nilivyodanganywa mimi.

Kemunto alizaliwa upesi baada ya harusi. Baada yake... kimya. Mwaka wa kwanza watu hawasemi kitu. Wa pili wanauliza. Ilipopita mingi, mama mkwe wangu aliacha kuuliza, akaanza kunisalimia huku akilitazama tumbo langu badala ya uso. Nilikuwa nikipita na kikapu cha mboga za chinsaga mbele yake, anakohoa tu. Kile kikohozi nilikijua kuliko wimbo wa kanisani.

Mume wangu hakuwa mbaya wakati huo. Ni fundi wa kuchomelea milango na madirisha ya chuma mjini. Kemunto alipoanza kutembea, alitengeneza kitanda kidogo cha chuma kwa ajili ya mtoto atakayefuata, akakipaka rangi ya bluu, akakiweka stoo. Miaka ikapita kikiwa palepale, magunia ya chai yamewekwa juu yake. Kila nilipoingia stoo kuchukua jembe nilikiona. Hakuna aliyekitaja, wala mimi sikukitaja.

Hatimaye tulikwenda hospitali pamoja. Daktari alitupima sote wawili akasema hakuna ubaya mkubwa, ila mimi nilikuwa mzito kupita kiasi, na uzito huo huenda ulikuwa ukizuia mimba. Aliniambia nitembee, nipunguze chapati na soda, na kila mwezi nirudi nipimwe. Nipungue polepole, alisema. Polepole! Mwanamke aliyekoholewa miaka yote hiyo ataambiwaje polepole?

Nikamweleza rafiki yangu Bosibori.

Bosibori tulikaa dawati moja shuleni. Siku ya harusi yangu ndiye aliyenisimamia. Alikuwa na duka dogo pembeni mwa soko, la vitu vya lishe: unga wa uji, mafuta ya kupaka, majani ya kuchemsha, na kopo la kijani la vidonge lililoandikwa Kata Mafuta. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono, akalia kidogo. Halafu akainuka akaniletea kopo.

Sikulichukua hivihivi. Nililigeuza kama ninavyogeuza sketi. Kifuniko kilikuwa kimefungwa vizuri. Tarehe ya kuisha ilikuwepo. Picha ya jani ilikuwepo. Lakini sikuona jina la aliyetengeneza wala mahali palipotengenezwa. Nilikwenda nalo kwa kijana wa duka la dawa mjini, akalitazama, akaniambia hana dawa hiyo, haijui, na asiyoijua hawezi kumshauri mtu aimeze. Akaniuliza kama huwa ninapata hedhi vizuri. Niliona anaingilia mambo yasiyomhusu.

Niliporudi na maneno hayo, Bosibori alicheka hadi akafuta macho. Alisema yule kijana anaogopa kukosa wateja. Kisha akasema jambo lililoniua.

"Mama Kemunto, usiniamini mimi. Amini mizani! Kunywa mwezi mmoja, upime. Ikikataa, nirudishie kopo."

Nani angekataa maneno kama hayo? Mfanyabiashara anayekuambia pima mwenyewe, si mkweli huyo?

Mizani zilikuwepo. Mjini Kisii kuna vijana hukaa kando ya barabara na mizani, unapanda unawalipa. Lakini mwanamke wa mwili wangu apande pale, mbele ya waendesha boda wote, asikie namba yake ikitangazwa? Hospitali nako nilikuwa nimeacha kwenda, kwa sababu Bosibori aliniambia kule watanihimiza kutembea tu. Ndipo akanishauri niende kwa kaka yake, Ombati.

Hapa lazima niwaeleze wasio wa kwetu. Majani chai yetu hupelekwa kiwandani, lakini wapo madalali wanaonunua kando ya barabara, tunawaita mangirito. Ombati ni mmoja wao. Kibanda chake kiko karibu na kwetu, na ndani ana mizani kubwa ya chuma, ya kukanyaga, ambayo magunia huwekwa juu yake. Na kila mwenye shamba pale kijijini anajua mizani ya Ombati inakula. Gunia unalobeba hadi kiuno kinakataa, likipanda pale linakuwa jepesi ghafla. Mama mkwe wangu alirudi kutoka kwa Ombati akilaani kila mara. Mimi mwenyewe nimemtukana Ombati kwa ajili ya mizani hiyo!

Lakini nilipanda.

Mtaniuliza, ulikuwa na akili? Niliwaza hivi: hata kama inakula, itakula sawasawa kila mwezi. Ikionyesha nimeshuka, nimeshuka. Niliona nimepiga hesabu ya mwerevu. Sikuwaza kwamba mvua ikija na majani yakijaa, Ombati huikaza mizani ile izidi kula mwezi baada ya mwezi. Mganga hajigangi.

Nikaanza kumeza. Ombati alikuwa akinipima asubuhi kabla wenye magunia hawajafika, na alikuwa na adabu, anageuza uso nisione haya. Mwezi wa kwanza nikashuka kidogo. Wa pili nikashuka zaidi. Nilitoka kwenye kibanda nikiimba! Nilikimbia kumwambia Bosibori, akanikumbatia, akanipa kopo jingine.

Mwili wangu ulisema mengine. Tumbo lilikuwa likiniendesha hadi naogopa kwenda mbali na choo. Moyo ulipiga mbio nikiwa nimekaa. Asubuhi nilitapika. Hedhi ikakata. Kila nilipomweleza Bosibori alikuwa na jibu. Kuharisha ni mafuta yanatoka. Moyo kwenda mbio ni mafuta yanayeyuka. Hedhi kukata ni mwili unajisafisha, itarudi.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, dada," aliniambia. "Wewe inama tu."

Nikainama.

Halafu ikaja sketi ya kijani. Ni sketi niliyoipenda, niliichagua mwenyewe kwenye robota nikakataa kuiuza. Siku ya sherehe ya chama chetu cha akina mama niliivaa, zipu ikakataa kufika juu. Nikafunga kwa pini. Pale kwenye sherehe Bosibori alinipiga picha kwa simu yake, nimesimama ubavu, nacheka, tumbo mbele. Nilimwambia kwamba sketi inanikataa ilhali nimepungua. Akaniuliza mizani imesemaje. Nikasema imeshuka tena.

"Basi unaamini sketi ama mizani? Hiyo ni gesi tu, Mama Kemunto!"

Mimi, muuza sketi! Mimi ninayejua nguo kuliko ninavyojua watu! Kitambaa kiliniambia ukweli kiunoni pangu, nikakiita mwongo.

Na kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Jioni moja nikipika obokima, ugali wetu wa wimbi, kitu kilicheza tumboni mwangu. Kidogo tu, upande wa kushoto. Nilisimama na mwiko mkononi. Mama aliyewahi kuzaa, ungedhani nitajua... Nilijiambia ni ile gesi. Na kwa kuwa gesi imezidi, nikameza vidonge viwili badala ya kimoja.

Ee Nyasae, Mungu wangu, nisamehe.

Nilianguka sokoni, mchana kweupe, juu ya marundo yangu ya sketi. Nilikuwa nimeharisha tangu usiku, na nilikwenda kazini hivyohivyo kwa sababu ilikuwa siku ya soko. Wenzangu walinibeba hadi hospitali. Nilipozinduka, nesi alinipandisha kwenye mizani iliyokuwa kando ya ukuta, akasoma, akaandika. Nilipoona ile namba nilimwambia mashine yao imeharibika, kwa sababu mimi nimepungua. Yule dada hakubishana. Alipanda yeye mwenyewe, akanionyesha, akashuka. Kisha akaniuliza swali kwa upole.

"Mama, mimba ina miezi mingapi?"

Nilicheka! Wasomaji wenzangu, nilicheka kicheko cha mlevi. Nilimwambia mimi nina mtoto mmoja na Mungu alifunga mlango hapo. Hakucheka. Aliita daktari, wakanipaka mafuta baridi tumboni, wakasogeza kile kifaa chao. Nikaona kichwa. Nikaona mkono mdogo. Niliuliza kwa nini hachezi, na daktari akakiondoa kile kifaa.

Alikuwa wa kiume. Alitoka jioni ile akiwa amekwisha kufa.

Daktari hakusema ni vidonge peke yake. Aliniuliza nilichokuwa nikimeza, nikamwonyesha kopo, akaligeuza kama nilivyoligeuza mimi. Alisema hawezi kujua kilichomo, na mwanamke mwenye mimba hapaswi kuharisha na kukaukiwa maji vile kwa miezi, moyo ukienda mbio. Alisema pia kwamba kama ningerudi kupimwa kila mwezi walivyoniagiza, wangeona uzito unapanda na wangetafuta sababu. Mtoto angejulikana mapema. Hakunikaripia, na afadhali angenikaripia.

Nilichokuwa nikikitafuta kilikuwa tayari kimo ndani yangu! Nilikuwa nikimeza sumu ili nimpate mtoto, na mtoto yupo, ananisikiliza nikimeza.

Mtoto walimpeleka nyumbani bila mimi. Mama mkwe alimzika nyuma ya migomba, hakuna aliyeniita, hakuna aliyeniuliza jina. Niliporudi niliuliza ni mgomba upi. Akanijibu kwamba mvua imenyesha, ardhi yote ni sawa. Halafu akataka kujua ilikuwaje mtu mzima asijue ana mimba. Nikamweleza kuhusu mizani.

Aliweka chini kikapu chake cha chai.

"Mizani ya Ombati? Ile tumelia nayo miaka yote? Wewe ulipanda huko kama gunia, ukaiamini?" Kisha akawaita majirani wawili waliokuwa wakichuma chai, nirudie mbele yao.

Nikarudia.

Mume wangu alisema sentensi moja tu. Alisema, "Umeniulia mtoto." Hakupiga kelele wala hakuinua mkono. Tangu siku hiyo hakula tena chakula nilichopika. Alikuwa akipita mlangoni kwangu jioni na kwenda kula kwa mama yake, na harufu ya moshi wa jikoni kwangu ikimfuata bure. Wanaojua desturi zetu wanajua maana ya mume kula kwa mamake: amekukataa. Ni afadhali matusi. Baadaye alikwenda stoo, akatoa kile kitanda cha bluu, akakikata vipande kwa mashine yake pale uani, Kemunto akiangalia. Vile vyuma vimekuwa dirisha la banda la kuku.

Sasa mimi nilikuwa nimekonda kweli. Ugonjwa, huzuni, kutokula... mifupa ya mabega ilitokeza. Wa pekee aliyekuja kuniona bila kukunja uso alikuwa Bosibori! Alikuja hospitalini na uji kwenye chupa, alikuja nyumbani pia. Alilia nami. Alinipiga picha nikiwa nimekaa kitandani, akasema anawaonyesha akina mama wa kanisa waniombee siku ya Sabato. Nilimshukuru. Nilimshika mkono nikamwambia yeye ndiye ndugu niliyebaki naye.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilirudi Daraja Mbili kwa sababu Kemunto anahitaji kula. Siku hiyohiyo alikuja mteja mmoja mnene, mchangamfu, akichagua sketi. Akanitazama. Akatazama simu yake. Akanitazama tena, akapiga makofi.

"Si ni wewe, mama! Kweli hii dawa inafanya kazi!"

Akanigeuzia simu. Kulikuwa na picha mbili. Chini ya moja pameandikwa KABLA: mimi na sketi ya kijani, tumbo mbele, nacheka. Chini ya nyingine pameandikwa BAADA: mimi kitandani, mabega ya mifupa, macho yamezama. Juu yake pameandikwa Kata Mafuta, mama wa Nyamira amepungua, njoo nawe ujaribu.

Nilijaribu kumweleza. Nilimwambia asinunue, nikamwambia nilikuwa na mimba, nikamwambia mtoto amekufa. Maneno yalitoka yamevurugika, nalia, nimemshika mkono. Aliuvuta mkono wake.

"Nyinyi mkishapata yenu hamtaki wengine wapate," alisema. "Unataka upungue peke yako?"

Akaiacha sketi, akaenda moja kwa moja dukani kwa Bosibori. Nikamwona akitoka na kopo.

Nilimfuata Bosibori palepale. Ukutani mwa duka ile picha ilikuwa imechapishwa kubwa, imening'inizwa mahali jua linapoingia. Nilimuuliza kama alijua kuhusu mizani. Hakukana! Alisema wateja wake wote wa upande wa Nyamira huwatuma kwa kaka yake, akaniuliza kama nilitaka atume wateja kwa adui zake. Nilimuuliza kuhusu picha. Alikuwa akipanga makopo, hakugeuka.

"Kwani nimedanganya nini, Mama Kemunto? Huyo wa kwanza si wewe? Huyo wa pili si wewe? Hukupungua?"

Nimetafuta jibu la swali hilo hadi leo. Nilikwenda kwa chifu, akasema picha ni yangu na nilikubali kupigwa. Nilikwenda kwa wazee wa kanisa, wakatuombea sote wawili, wakatuambia tupeane mikono. Bosibori aliupokea mkono wangu kwa mikono yake miwili, akalia vizuri kuliko mimi. Ombati bado ananunua majani. Mizani bado inakula, na mama mkwe bado anarudi akilaani, na sasa akimaliza kuilaani ananitazama mimi.

Mume wangu ameanza kwenda mji wa Tabaka mara kwa mara, nasikia kuna msichana huko. Anayeniletea habari hizo ni yeye huyohuyo mama mkwe, na siku akiniletea hakohoi.

Wasomaji wenzangu, hasa akina mama, nawasihi. Mkiletewa kopo la kupunguza mwili, msitazame kifuniko na picha ya jani kama mimi. Ulizeni nani ametengeneza na ndani mna nini. Asipojua anayeuza, basi mwacheni ameze yeye. Muuza dawa akikuonyesha mahali pa kupimia, pimia kwingine, hata kama ni pale barabarani na waendesha boda wanacheka. Hedhi ikikata usikubali kuambiwa unajisafisha, nenda hospitali siku hiyo. Na nguo yako ikikubana, iamini! Mimi ningeiamini, leo ningekuwa ninabeba mtoto mgongoni nikiuza.

Mkipita Daraja Mbili mtaiona ile picha. Watu huniuliza kwa nini siendi kuichana, na wapo wenzangu wamejitolea kwenda kuichana usiku. Nimewakataza. Kila jioni nikifunga mizigo nazunguka njia ndefu nipite pale, nasimama upande wa pili wa barabara, na Bosibori akiniona ananipungia mkono. Haelewi ninachotazama. Sitazami nilivyokonda.

Natazama ile ya KABLA, yenye sketi ya kijani na pini. Mwanangu yumo mle, yuko hai, na mimi nacheka. Sina picha yake nyingine.